Mtu mzima na vigae vya muziki kwenye simu: anapata nini hasa?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Newala, nina miaka 36 na watoto wawili. Mwaka jana nilimpakulia mwanangu gemu la piano kwenye simu, lile la vigae vyeusi vinavyoshuka katika safu nne, unavigusa kabla havijapita chini ya kioo. Yeye alishalichoka zamani, mimi ndiye nimebaki nalo. Kila usiku, wimbo uleule, hata mara ishirini. Mume wangu ananicheka, anasema heri ningeangalia tamthilia, ile angalau ina mkasa. Muziki sijausomea, shuleni niliimba kwaya kidogo, basi. Mwenye kipaji kwetu ni bibi yangu wa Kitangari, yule kwa ngoma na makofi hana mpinzani mpaka leo. Naomba unijibu mawili. Mtu anapata nini kwenye kugusa vigae, na kuna muziki wowote ninaojifunza pale? Na mbona mchana nacheza vizuri, lakini usiku nikivaa hedifoni za Bluetooth ili nisiamshe watoto, nakosa hovyo? Ni uchovu, au ndiyo uzee unaanza?

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na la mwisho, maana ukilielewa hilo la kwanza litajifungua lenyewe.

Si uchovu, na uzee bado. Ni hedifoni. Sauti ikipita kwenye waya inafika sikioni papo hapo. Ikienda kwa Bluetooth, simu lazima kwanza iibane, iirushe hewani, kisha kile kidude cha sikioni kiipokee, kiifungue na ndipo kikupigie. Safari hiyo kwa hedifoni nyingi za kawaida inakula kama milisekunde 150 mpaka 250, yaani robo ya sekunde au pungufu kidogo. Ukiangalia filamu huoni kitu, kwa sababu simu inaichelewesha picha makusudi isubiri sauti. Lakini kwenye gemu lako hakuna wa kumsubiri mwenzake. Kidole kimeshagusa, noti, yaani ule mlio wa kigae, bado iko njiani.

Piga hesabu kidogo, wewe ni mtu wa mizani utanielewa. Wimbo wa mwendo wa wastani una mapigo 120 kwa dakika, maana yake kila nusu sekunde pigo moja. Noti ikichelewa milisekunde 200, imekula karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Ni sawa na mtu akupigie makofi kinyume nyuma ya kisogo wakati wewe unaimba.

Na kuna kisa kibaya zaidi. Umewahi kupiga simu, sauti yako mwenyewe ikawa inakurudia na mwangwi? Unaanza kubabaika, maneno yanagongana, mwisho unamwambia mwenzako "kata nikupigie." Watafiti wamelijua hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: mtu akirudishiwa sauti yake kwa kuchelewa, ulimi unavurugika, na mvurugiko unakuwa mkubwa zaidi ucheleweshaji ukiwa kwenye milisekunde 200 hivi. Wapiga ala nao vidole vinavurugika vilevile. Sasa tazama hedifoni zako zimekaa wapi kwenye hesabu hiyo. Palepale.

Dawa yake ni hedifoni za waya, hata zile za bei ya chini kabisa pale stendi. Kama simu yako haina tundu, kuna kiunganishi cha kuchomeka kwenye sehemu ya chaji. Usihangaike sana na ule mpangilio wa "kurekebisha ucheleweshaji" uliomo kwenye baadhi ya magemu. Unafaa pale ambapo wimbo unajiendea wenyewe na gemu linajua mapema noti ipi inafuata, linaweza kuitanguliza. Kwenye gemu ambalo noti inatolewa na kidole chako, simu haiwezi kupiga noti kabla hujagusa. Haina uganga huo.

Hapo sasa nataka tusimame kidogo. Wewe unayesema hujasomea muziki, sikio lako limekamata kosa la moja ya tano ya sekunde, usiku, umechoka, na hakuna aliyekutonya. Lilijuaje kwamba noti imechelewa? Ili ujue kitu kimechelewa lazima uwe ulikuwa unakitarajia mahali fulani. Wewe ulikuwa tayari umeshaisikia ile noti kichwani kabla simu haijaipiga. Raha yako yote na lile gemu iko hapo, kwenye kutarajia.

Nilijifunza hili kwa mkono, miaka mingi kabla ya kulisoma. Nilipokuwa kijana huko Masasi nilimng'ang'ania mzee mmoja anifundishe ngoma. Akanipa ile ndogo kabisa na pigo moja tu la kurudia, usiku mzima, wakati wakubwa wanafanya madoido kwenye zile kubwa. Mimi kwa heshima nikawa nasikiliza ngoma kubwa, ikilia ndipo napiga. Kila nikipiga mzee ananitazama kwa jicho la pembeni. Kwenye saa nane za usiku, ngozi zimelegea kwa umande, tukakaa kando ya moto kuzipasha. Mzee anaigeuza ngoma polepole juu ya miali, anaigonga kwa kidole kimoja, anasikiliza, anaigeuza tena. Hakunieleza nadharia yoyote. Alisema tu kwamba ninapiga kama mtu anayeitikia hodi, wakati natakiwa nipige kama mwenye nyumba. Tuliporudi uwanjani nikaacha kusubiri. Nikawa napeleka mkono pale ninapojua pigo litakuwepo, na mkono na ngoma kubwa vikatua pamoja. Nywele zilinisimama. Mpaka leo sijapata neno zuri la ile hali, lakini wewe ukipata vigae sitini mfululizo bila kukosa, nadhani unaijua.

Wanasayansi wamelipima jambo hili kwa njia nyingi. Mtu akiambiwa agonge kidole sambamba na mlio wa metronomu, kile chombo cha kupiga mapigo sawasawa, kwa kawaida hagongi juu ya mlio. Anautangulia kidogo, milisekunde makumi kadhaa, na mwenyewe anaapa kwamba yuko sawasawa. Mwili hausubiri. Tena hatufundishwi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watoto wachanga wa siku mbili tatu, wamelala usingizi, wamevishwa vihisi kichwani, wanapigiwa mdundo wa ngoma. Pigo kuu liliporukwa, ubongo wa mtoto ulishtuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Pigo dogo lisilo na uzito liliporukwa, hakuna habari. Mtoto hajui hata jina lake, ila mdundo anaudai.

Wanyama wengi hawana hili. Mbwa tumeishi naye maelfu ya miaka, hajawahi kutikisa kichwa kwa mdundo. Kasuku ndiyo; yuko mmoja wa aina ya kakatua, Marekani, aitwaye Snowball, ambaye watafiti walithibitisha mwaka huohuo wa 2009 kwamba akiharakishiwa wimbo au kupunguziwa mwendo, anajirekebisha mwenyewe na kucheza nao. Natoka nje ya mada, lakini kisa cha ndege huyo hunifurahisha kila nikikikumbuka.

La muhimu zaidi kwako ni utafiti uliochapishwa mwaka 2011 huko Montreal, Kanada. Watu walisikiliza nyimbo wanazozipenda wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Ile kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, dopamini, ilitoka mara mbili: sehemu moja ya ubongo iliitoa wakati kilele cha wimbo kinafika, na sehemu nyingine iliitoa kabla, wakati msikilizaji anakisubiri kilele hicho. Kusubiri kuna malipo yake, mbali na malipo ya kupata. Sasa gemu la vigae limefanya nini? Limechukua kusubiri huko, likakukatia vipande vidogovidogo, kila nusu sekunde kimoja, na kila kipande kinalipwa palepale. Wewe unatoka kwenye kazi ambayo mkulima anapima mzigo leo, anangoja mnada, kisha anangoja fedha, na katikati anakuja dirishani kwako kuuliza "bado?" Sishangai kwamba usiku unataka kitu kinachojibu hapohapo.

Ndiyo maana wimbo uleule mara ishirini haukuchoshi. Tamthilia ukishajua mwisho imekwisha. Wimbo ni kinyume: unavyoujua zaidi ndivyo unavyoweza kuutarajia kwa usahihi zaidi, na raha inapanda. Inafika mahali unaujua kama mfuko wako, hapo ndipo inaanza kushuka, na gemu kwa ujanja wake linaongeza kasi. Mtaalamu wa saikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitumia miaka mingi kuchunguza watu waliozama kwenye shughuli hadi wakasahau saa, wakiwemo wachezaji wa sataranji, wapanda milima na madaktari wa upasuaji. Kwa wote alikuta mambo yanayofanana: kazi iko juu kidogo tu ya uwezo wa mtu, na matokeo yanaonekana mara moja. Waliotengeneza gemu lako wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyojua muziki.

Mume wako naye usimwache hivihivi. Mwombe akae karibu, mpigie wimbo wenye mdundo wa kuchezeka, usimwambie kitu, kisha tazama mguu wake chini ya meza. Ukitikisika, ameshaingia. Mtu akisikiliza mdundo ametulia kabisa, zile sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa viungo zinafanya kazi kama vile anajiandaa kuondoka. Mwili unacheza kwanza, mwenyewe anaombwa ruhusa baadaye. Na si kila mdundo unafanya hivyo. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mwingine, watu wakisikilizishwa midundo ya ngoma za aina mbalimbali: iliyonyooka kama saa ya ukutani, iliyotawanyika ovyo, na ile ya katikati, yenye mapengo na mapigo yanayotua pembeni ya pale unapoyatarajia. Ya katikati ndiyo iliyowatia watu hamu ya kucheza. Iliyonyooka haina cha kukuachia. Iliyotawanyika inakukatisha tamaa. Ya katikati inakuachia pengo, na kiuno kinakwenda kulijaza. Wamakonde na sindimba yao hawakuhitaji mashine kuligundua hilo.

Sasa nikueleze kidogo magemu haya yalikotoka, kwa sababu gemu lako ni la aina moja tu, na aina hii ina upungufu wake.

Mwaka 1996, Japani, mwanamuziki Masaya Matsuura na wenzake walitoa gemu la PlayStation lenye mbwa wa kuchora anayejifunza kurap. Mwalimu anarap mstari, wewe unamrudishia kwa kubonyeza vitufe kwa mahadhi yaleyale. Kiitikio tu, kama mtoto chuoni. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ikaleta Dance Dance Revolution, unasimama juu ya jukwaa lenye mishale minne na kuikanyaga kwa miguu. Watu walitoka jasho la kweli. Kisha mwaka 2005 likaja Guitar Hero na gita lake la plastiki, na kwa miaka michache Marekani na Ulaya walishikwa wazimu. Matoleo yakawa mengi mno, magita yakajaa madukani, na mwaka 2011 kampuni iliyokuwa inaliuza ikafunga kitengo chake. Vigae vyako vilienea kuanzia mwaka 2014, simu janja zilipokuwa zimeshafika kila mahali. Baadaye kidogo Wacheki wakatengeneza Beat Saber, unavaa miwani ya kompyuta na kukata vipande hewani kwa panga mbili za mwanga.

Mwenye gita la plastiki niliwahi kuwa mimi. Wakati ule wa pilikapilika za gesi hapa Mtwara, mgeni mmoja alipokuwa anahama aliuza vitu vyake, nikanunua PlayStation kuukuu na gita lake. Nikalipeleka nyumbani. (Nakaa Vigaeni, kwa hiyo ukiniuliza habari za vigae umekuja penyewe.) Halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano: kijani, chekundu, cha njano, cha bluu na cha rangi ya chungwa. Pale unapopiga nyuzi pana kipande cha plastiki kinachocheza juu na chini, tak, tak, kama swichi ya taa. Kwenye kioo barabara inakuja kuelekea kwako, imejaa vidoti vya rangi hizo.

Walikuja vijana wangu wawili wa bendi, wapiga gita haswa, wanaotegemewa kwenye sherehe kuanzia hapa mpaka Lindi mjini. Nikajua watalitafuna. Wakashindwa vibaya! Yule wa kwanza vidole vilikuwa vinatafuta kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ambazo hazipo, na mkono wa kulia ulikuwa unatia manjonjo kati ya pigo na pigo. Kila manjonjo gemu linahesabu kosa. Kilichonifunza zaidi ni jambo moja dogo. Alipokosa noti, sauti ya gita ikazimika, ngoma na besi vikaendelea peke yake. Akaganda, akanitazama: "Mwalimu, nimeizima mimi?" Nikamwambia ndiyo. Alipopata noti iliyofuata, gita likarudi. Akacheka kama mtoto. Anajua fika kwamba ile ni rekodi, mwenye gita alishapiga zamani na kulipwa, lakini kwa sababu likikosekana limekosekana kwa kosa lake, basi likiwepo ni lake.

Huo ndio ujanja mkubwa kuliko yote katika magemu haya, na ndiyo sababu mtu asiyejua hata do-re-mi anamaliza wimbo akiwa na kifua mbele. Kwenye ala halisi, mwaka wa kwanza unaumia vidole na kuwaudhi majirani kabla hujapata dakika moja ya raha. Gemu linakuvusha mwaka huo. Limekutolea kila kitu kigumu, upangaji wa sauti, kodi, nguvu ya kidole, likakuachia kitu kimoja tu: wakati. Piga sasa, si kabla, si baada. Wako wanamuziki wanaolidharau kwa hilo. Mimi silidharau, kwa sababu nimefundisha watu wenye vidole vyepesi na sauti za asali ambao wakati hawana, na hao hakuna bendi inayowataka.

Lakini kuna tofauti ambayo uitazame vizuri kwenye gemu lako. Kwenye Guitar Hero na ndugu zake, wimbo unakwenda na hausubiri mtu. Kazi yako ni kuukuta. Kwenye vigae, matoleo mengi ya kwanza na baadhi ya sasa, noti inalia pale unapogusa, basi. Ukigusa haraka wimbo unakimbia, ukisitasita unasita nao. Unaweza ukavimaliza vigae vyote, ukapata nyota zako, na wimbo umepinda kama barabara ya kupanda Newala. Gemu linapima kama umegusa kigae sahihi kabla hakijapita. Halipimi kama umekigusa kwa wakati wake.

Basi fanya jaribio hili leo usiku, ndilo litakalojibu swali lako la kujifunza. Chukua wimbo unaoujua vizuri zaidi. Zima sauti kabisa, ucheze. Kama matokeo yanabaki yaleyale, basi muda wote huu umekuwa ukicheza kwa macho. Masikio yalikuwa wasindikizaji. Ni gemu zuri la wepesi wa vidole, lakini muziki humo ni kachumbari tu. Kama bila sauti unapotea, hongera, sikio ndilo linaloongoza. Sitashangaa ikiwa ni hivyo, kwa sababu mtu anayecheza kwa macho hedifoni za Bluetooth zisingemsumbua. Kwangu hilo linatosha kuwa ushahidi.

Unachojifunza kipo, ila usikikuze. Unajifunza kugawa sekunde vipande vilivyo sawa. Unajifunza kutazama mbele, kigae hiki kidole kinagusa, jicho limeshafika viwili juu. Wasoma noti wanahitaji hilo na huchukua muda kulipata. Huenda unaanza pia kuzoea umbo la nyimbo, wapi panarudiwa, wapi pataongezwa kasi. Hujifunzi kuimba katika ufunguo, yaani kushika sauti ya wimbo bila kutoka nje yake, hujifunzi kupiga piano. Ukikaa mbele ya kinanda cha kanisani utakuta vidole viwili vya kila mkono ndivyo vyenye elimu, vingine vyote havijaanza shule.

Kuna na kitu ambacho gemu haliwezi kukufundisha hata ukilicheza miaka kumi, nacho ndicho bibi yako anacho.

Nyimbo za gemu lako nyingi zimekatwa kwa nne: moja mbili tatu nne, kila kigae kwenye mraba wake. Ngoma zetu huku kusini mara nyingi zinakwenda kwa sita, na ndani ya ile sita wamo wawili na watatu kwa pamoja. Jaribu. Weka mikono mapajani, hesabu polepole moja mpaka sita na kurudi. Mkono wa kushoto upige kwenye moja na nne. Ukishatulia, wa kulia upige kwenye moja, tatu na tano. Mwanzo mikono itagombana, mmoja utaufuata mwingine kama mbuzi. Endelea tu taratibu, usiongeze kasi. Ghafla utasikia kitu kimoja kisichokuwa mkono huu wala ule. Watu wazima niliowafundisha wengine walihitaji dakika kumi, wengine wiki. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma hafundishwi. Mwulize bibi kama anakumbuka alijifunza lini, atakushangaa.

Halafu kuna kusikilizwa. Gemu linakuhukumu lakini halikusikii. Ukikosa kigae linakukata, lenyewe halikusogelei hata nukta. Watu wanaocheza pamoja hawako hivyo. Kwenye duara la ngoma, aliye upande wa pili, mita kumi kutoka kwako, sauti yake inakufikia imechelewa kama milisekunde 30, kwa sababu sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo hakuna "sasa" moja inayofanana kwa wote. Kila mmoja anamvuta mwenzake kidogo na kuvutwa kidogo, wanakutana katikati, na "sasa" ya usiku ule wanaitengeneza wenyewe. Ndiyo maana ngoma inaanza polepole na kukicha iko mbio, na hakuna anayeweza kusema ni nani aliyeiharakisha.

Nisisahau mambo madogo ya nyumbani. Ukicheza, zima data. Magemu mengi ya vigae hufanya kazi bila intaneti, na yale matangazo yanayojitokeza kila baada ya wimbo ndiyo yanayokumalizia bando. Ukiona limeanza kukuuzia almasi au funguo ili uendelee, toka, nyimbo za bure zinatosha. Viganja vikiuma pumzika siku mbili, usishindane na maumivu, maana asubuhi una kalamu ya kushika. Na msimu wa korosho ukianza, jiwekee idadi ya nyimbo kabla ya kufungua simu, si baada, kwa sababu lile gemu limetengenezwa ili kila kushindwa kuonekane kama "kidogo tu ningepata."

Ukienda Kitangari, chukua simu umwonyeshe bibi. Mwachie aguse vigae mwenyewe, na usimsahihishe. Halafu simu uiweke kifudifudi, umwombe akupigie makofi ya wimbo wowote wa ujana wake, wewe uingie na yale mawili kwa matatu. Utakosea. Utaona yeye anapunguza mwendo kidogo sana, bila kukuangalia, mpaka unaingia, ukishaingia anaongeza. Mwangalie mikono wakati anafanya hivyo, kisha uniandikie alifanyaje, kwa sababu mimi nimefundisha makofi miaka mingi na bado sijaweza kumweleza mwanafunzi jambo hilo kwa maneno.